Sufuria ya Babu Iliyokwenda Tabora

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Hilo nalisema popote, barazani, benki, hata tukitoka msikitini, na wanaonijua hawanibishii. Nimesimama pale ufukweni Katonga nikaangalia boti yangu mpya, siku ya tatu tangu ishushwe majini, inazama na nyavu zake zote, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala, asubuhi nikaanza upya. Nimefungua turubai la lori nikakuta dagaa wote wamenyeshewa njiani wamekuwa uji. Sikupiga kelele. Shule niliishia darasa la sita, tena la sita lenyewe sikulimaliza, na leo wapo vijana wenye digrii wanaonisubiri nje ya ofisi wakiwa wameshika bahasha. Nyumba yangu ya Katubuka ina vyumba tisa, na kila tofali najua lilitoka kwenye gunia gani la dagaa. Boti zangu tano na malori yangu mawili yote yameandikwa jina moja kwa rangi nyekundu, BOMBOM, na mtoto yeyote wa Kigoma ukimuuliza Bombom ni nani atakuonyesha kwangu. Lakini jina hilo si langu mimi, nililichukua kwa babu yangu. Yaani nilidhani ni la babu yangu, na hapo ndipo penye maneno.

Mwaka jana, asubuhi moja ya jua kali, nilikuwa Katonga nasimamia dagaa waliotandazwa mchangani, simu ikaita, namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima ikasema bila salamu, "Wewe ndiye kale kajukuu ka manamba?" Sasa mimi watu hawanisemeshi hivyo. Hata mwenyekiti wangu wa mtaa ananiita mzee. Nikataka kukata simu, lakini nikajikuta nimesimama wima kama askari, maana duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo, na mtu huyo nilijua amekwisha kufa. "Mimi Nyamizi, binti yake Maganga, niko Tabora," akasema yule mama. "Sufuria yenu imetoboka. Njooni muichukue, tumechoka kuitunza." Nikakaa juu ya gunia. Vijana wangu wakaniuliza, "Bosi, kuna msiba?" Nikawaambia ndiyo, upo, ila ni wa zamani sana.

Ilikuwa mwaka ule niliotimiza miaka kumi na sita. Nilivyofika kwa babu na kwa nini, hayo ni ya watu wengine na baadhi yao wako hai, nayaacha. Nilifika Ujiji na kaptula mbili, nikampata mzee mmoja mrefu, mkavu, Bakari jina lake, anayeishi peke yake katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, nyuma yake michikichi saba. Chumba chake hakikuwa na kitu na bado kilikuwa kimejaa. Kitanda cha kamba, blanketi la kijivu limekunjwa pembe nne sawasawa kama sabuni ya mche iliyokatwa, viatu vimetazama mlangoni, visigino vimegusana. Ukutani msumari mmoja, na kwenye msumari ile tunayoita mestini, kisufuria cha bati cha jeshi chenye mkono wa kukunja, kimebonyea ubavuni na kimesuguliwa majivu mpaka kinang'aa. Hakuna picha, hakuna nishani. Babu alikwenda vita vya Mjapani, huko Burma, na kilichorudi naye ni blanketi lile na sufuria ile. Uji wake wa asubuhi aliunywa humo, unga aliupima kwa hiyo, hata maji ya kutawadha nilimwona siku nyingine akiyachota kwa hiyo hiyo.

Alipika mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu Ujiji ya wakati ule mwanaume mtu mzima kukaa jikoni ilikuwa kituko, na akina mama wa jirani walikuwa wakipita nyuma ya ua makusudi wamwone. Yeye hakujali. Migebuka, samaki wetu wa ziwani, aliichoma kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ianze kupasuka, ndipo aitumbukize kwenye mawese aliyoyakamua mwenyewe, na vitunguu na nyanya chungu. Sombe, yaani kisamvu, alitwanga mpaka ikawa laini kama kitambaa. Ugali wa muhogo aliusonga kwa mikono miwili, miguu ameitanua, anahema kwa mpango, kama mtu anayepiga kasia. Nimekula kwenye hoteli kubwa za Dar es Salaam, nimekula Lubumbashi kwa matajiri wa Kikongo, na nakwambia hakuna aliyemfikia mzee yule. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, unaweza kusema nilionja kwa njaa. Sawa, lakini hata shibe yangu ya leo inakumbuka.

Shida ilikuwa sahani ya tatu. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba na kila siku mchana Babu alipakua sahani tatu sawasawa, samaki sawa, mchuzi sawa, na ya tatu ananipa mimi nitoke nayo barabarani nimpe mtu. Mtu gani? Yeyote. Nimempa mchukuzi wa mizigo, nimempa mama wa Kikongo aliyeshuka kwenye boti na vitenge vyake kichwani, nimempa kijana wa Kirundi aliyekuwa akitafuta kibarua cha kulima, na siku moja nilimpa mwalimu wangu wa zamani, akaona aibu akala amenigeuzia mgongo. Nikirudi na sahani tupu Babu hakuuliza nimempa nani. Aliuliza neno moja, "Amekula?" Nikisema amekula, anasema, "Haya. Mmoja huyo." Ndipo na sisi tunanawa. Kila siku mmoja huyo. Nikamwambia, "Babu, jana mmoja, leo mmoja, mbona huhesabu mbele? Tungekuwa tumefika mia." Akanitazama akasema, "Wanakuja mmoja mmoja, bwana mdogo." Nikaona mzee ameanza kuchoka akili.

Siku moja niliila ile sahani. Nilikuwa nimetoka Katonga kwa mguu, nimebeba dagaa tangu alfajiri, tumbo limeshikana na mgongo, barabara haina mtu na jua limesimama. Nikazunguka nyuma ya michikichi, nikala, nikailamba sahani mpaka ua lake likaonekana, nikarudi. "Amekula?" Nikasema amekula. Babu akaichukua ile sahani, akaigeuza juani. "Mgeni halambi," akasema. "Mgeni anaacha kidogo, ana heshima zake." Nikajua leo kiboko. Hakunigusa. Alichukua sahani yake mwenyewe, akanikabidhi mikononi, akasema, "Peleka." Nilimtafuta mtu kwa machozi mpaka karibu na sokoni. Niliporudi alikuwa amekaa pale pale mbele ya mkeka, mikono juu ya magoti. "Amekula?" "Amekula, Babu." "Haya. Mmoja huyo." Akanywa maji akalala na njaa. Nimewahi kupigwa na watu wengi maishani, polisi wakiwemo. Hakuna aliyenipiga kama yeye siku ile.

Pale Katonga mimi nilikuwa mtoto wa nje. Wenzangu walikuwa watoto wa wavuvi, baba zao wana mitumbwi, wao wanajua majina ya nyavu tangu wananyonya. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba dagaa kutoka kwenye boti, kuwatandaza, kuwageuza, kufukuza kunguru. Walinitania kwamba nalelewa na mzee mpika sombe. Basi nikapata silaha. Nilisikia mzee mmoja sokoni akieleza habari za bunduki ya mfululizo, ile askari wa zamani waliyoiita bombom, ya watu wawili, mmoja analisha risasi mmoja anapiga. Kesho yake nikawaambia wenzangu kwamba Babu ndiye aliyekuwa mpigaji. Nikaongeza kilima, nikaongeza mto, nikaongeza Wajapani wanaanguka kama dagaa kwenye mchanga. Sikuona aibu, maana Babu mwenyewe nilipomuuliza vita vilikuwaje alijibu, "Mvua nyingi," akaendelea kusuka kamba. Nafasi tupu nikaijaza. Mwenye boti mmoja alisikia hadithi ile akacheka, akaniita, "Njoo hapa, mjukuu wa Bombom," na wiki ile ile akanipandisha kutoka kubeba mpaka kuhesabu magunia. Nilianzia hapo. Mali yangu yote hii mnayoiona ilianzia kwenye jina lile, na mimi mtu akinifaa simsahau, ndiyo maana nikaliandika kwenye boti.

Kila mwaka jua la kiangazi likianza, Mzee Maganga alikuja na treni kutoka Tabora. Mnyamwezi mfupi, mguu wa kushoto anauburuta, walikuwa jeshini pamoja na Babu, na juu ya hapo sisi Waha na wao ni watani. Kumpokea stesheni ilikuwa kazi ya aibu. Watu wanashuka na mizigo kwa amani, yeye anasimama mlangoni mwa behewa anapaza sauti, "Yuko wapi mtumwa wangu? Mwakeye! Mwakeye, Bwana Sufuria!" kwa kuigiza salamu yetu Waha. Na Babu, mtu ambaye nyumbani husikii sauti yake, anajibu kutoka huku nje, "Mpagazi! Umemaliza kubeba pembe za wenzio? Mbona mguu bado unabeba?" Wanashikana mikono muda mrefu, hawaachiani, wanatukanana. Mimi Maganga aliniita kajukuu ka manamba, kwa sababu Waha wengi walikwenda kukata mkonge. Hilo la Bwana Sufuria nilidhani ni kwa vile Babu anapenda kula.

Mwaka wa mwisho alipokuja, Babu alikuwa anakohoa. Alikuwa amepungua mpaka shati lilining'inia kama liko kwenye kamba, lakini sahani tatu ziliendelea, na sasa zikawa nne. Wazee wale wawili walishinda wamekaa kwenye mkeka upande wa nyuma, chini ya ukuta wenye kivuli, wanachambua mchele mbovu na kusemana. Alasiri moja nilikuwa narudi na ndoo ya maji, nikasikia Maganga anasema, "Na siku nikifika kaburini kwako, nisemeje?"

"Sema ilivyokuwa," Babu akajibu.

"Watacheka."

"Si ndiyo kazi yako? Wachekeshe. Ila ukianza ufike mwisho, Maganga. Usiniache katikati kama mlivyozoea kutua mizigo ya watu porini."

"Nitafika. Lakini uniwekee changu mapema. Mimi simziki Muha bure."

"Ishirini."

"Ishirini? Maisha yako yote, ishirini? Ya chai hiyo!"

"Wewe kwani unakunywa nini?"

Wakacheka mpaka Babu akakohoa, na kikohozi kikamshika muda mrefu. Niliitua ndoo nikajifanya sikusikia. Kweli nilisikia. Hilo nimelibeba.

Alikufa siku ya sita ya mgeni wake, baada ya sala ya alfajiri, kwa utulivu wake wote. Maganga ndiye aliyeniamsha. Aliniambia, "Mjukuu, amka umwagie maji mwenzio," na mara ile hakuongeza kashfa yoyote. Tulizika baada ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, nikawatambua baadhi yao, mchukuzi yule, kijana yule wa Kirundi, akina mama wa jirani wako mbali wamejifunga kanga. Na wenzangu wa Katonga walikuja, na mwenye boti wangu alikuja, tena amevaa kanzu nyeupe, maana leo anazikwa Mzee Bombom. Nilisimama kichwani mwa kaburi kifua mbele. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na sifa, na kwa umri ule sikuweza kuzitenganisha.

Jeneza lilipotuliwa, Maganga akashuka kaburini akajilaza. Wote mnajua hili, mtani hana mipaka pale, na shehe mwenyewe aliangalia pembeni anatabasamu. "Hapa pazuri," Maganga akasema kutoka chini. "Baridi, hapana mbu. Bwana Sufuria hapastahili. Nipeni ishirini yangu au nalala mimi." Watu wakacheka, wengine huku wanalia. Akapanda juu, na mkononi kumbe alikuwa na ile mestini ya Babu, ameichomoa msumarini bila kumwambia mtu. Akaitua chini, akapiga magoti, akaanza kumwigiza. Akasonga ugali wa hewa, miguu ametanua, anahema kwa mpango, na, ndugu zangu, alikuwa Babu mwenyewe yule. Akaonja, akaungua kidole. Akapuliza moto, moshi ukamliza. "Koplo Bakari," akasema kwa sauti ya Kizungu, "wali tayari?" "Bado, bwana, vitunguu vinaniliza!" Watu wameshika mbavu. Halafu akatazama juu, akatoa mlio wa ndege ya vita, akaibandika sufuria kichwani, akatimua mbio kuzunguka kaburi, mguu wake unaburuta, anapiga mayowe, "Wali wangu! Wali wangu!"

Nikasikia nyuma yangu mwenye boti akisema, "Kumbe mpishi," na wenzangu wakaangua kicheko.

Nilimrukia. Nilimkamata mzee yule kola ya shati, nikamvuta mpaka shati likapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni, nikamwambia mbele ya umma wote, "Mwongo! Babu alikuwa mpiga bombom. Toka hapa, mpagazi!" Nilikuwa na hasira ya kweli. Hapo ndipo kosa, wasomaji wangu. Kumtukana mtani ni ruhusa, kumkasirikia hakuna. Pale makaburini kicheko kikakatika kama mtu amekimwagia maji. Shehe akasema, "Mtoto, mtoto." Maganga alisimama kifua wazi, shati linaning'inia pande mbili. Hakukasirika, maana yeye sheria aliijua. Alinitazama kama anayetaka kuona nafasi ya kuendelea, akaona haipo. "Basi," akasema taratibu. "Sijamaliza, na sijalipwa. Sufuria naondoka nayo mpaka hayo mawili yatimie." Jioni ile wazee walinizunguka wakanisihi. Nenda stesheni, mpe ishirini yake, mwombe amalizie hata hapo hapo kwenye behewa, mazishi ya babu yako hayajafungwa. Mfukoni nilikuwa na arobaini. Sikwenda. Nilibaki nimekaa kwenye kitanda cha kamba naangalia msumari mtupu, na treni nikaisikia ikipiga honi.

Baada ya hapo mimi nikawa mtu. Hilo sitaki kulificha, wengine wakiandika habari zao wanajifanya wanyonge. Nilinunua boti ya kwanza sijatimiza miaka ishirini na tano. Wale waliocheka makaburini, wawili nimewaajiri. Na hadithi ya bombom sikuiacha, niliikuza, nikawasimulia wanangu, na kadiri nilivyopata pesa ndivyo watu walivyozidi kuiamini. Lakini mezani kwangu, na meza yangu ni ya watu kumi na wawili, kila mara chakula kikipakuliwa nilikuwa na kitu kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Mke wangu alikuwa akiniuliza, "Unamsubiri nani?" Namjibu hakuna.

Basi nikaenda Tabora. Nilikwenda na gari langu kubwa, nikavaa kanzu ya Oman, nikachukua bahasha nene nikaweka ndani kitita ambacho sitakitaja. Nyumba ya Bi Nyamizi iko chini ya mlima mdogo wa mawe, ua umefagiliwa, watu wamejaa, wajukuu na vitukuu, na mimi nilidhani wana sherehe, kumbe wananisubiri mimi. Nyamizi mwenyewe ni mama wa miaka sitini na zaidi, mfupi kama babaye. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba halafu akasema, "Mmekua manamba, siku hizi mnakuja na gari. Mkonge umekwisha?" Ua mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, nilikuwa nimejifunza. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili. Aliipima uzito wake kwa kiganja, akairudisha. "Hii ya nini?" akauliza. "Baba alisema ishirini. Mimi nani nimpandishie bei marehemu? Tena kaa chini. Kwanza tumalize."

Akaileta ile mestini. Mkono wake bado unakunjika, ubavu bado umebonyea, kitako kimetoboka tundu la kupitisha kidole. Mama yule wa miaka sitini akapiga magoti kwenye vumbi la ua wake, akaanza mwanzo kabisa. Akasonga. Akaonja, akaungua. Vitunguu vikamliza, na watoto wadogo wa Kinyamwezi, ambao hawajawahi kuiona Ujiji, wakaitikia pamoja, "Vitunguu vinaniliza, bwana!" Wanaijua kwa moyo. Wanamjua babu yangu kwa jina. Ndege ikalia, akaibandika sufuria kichwani, akakimbia, "Wali wangu! Wali wangu!" na mimi nikaikalia mikono yangu, maana hapo ndipo niliposhika kola ya shati.

Safari hii sikumrukia mtu. Nyamizi alikimbia kuzunguka ua, lakini hakukimbilia nyuma kwenye nyumba, alikimbilia mbele, kule kwenye miti, huku ameinama. Makaburini niliona anakimbia, sikusubiri kuona anakimbilia wapi. Babu alikuwa anakimbia kuwafuata wenzake waliokuwa mbele, siku mbili hawajala, na ndege iko juu. Nyamizi akafika kwenye mti mmoja, akaitua sufuria, akapanga majani ya mgomba, moja, moja, moja, mengi, akayapakulia yote sawasawa, nyama sawa, mchuzi sawa, akakaa akitazama porini, mikono juu ya magoti. Kukaa kule nakujua. Kisha kwenye miti akatoka mtoto mmoja, anaigiza askari aliyechoka. Nyamizi akamkabidhi jani lake. "Umekula?" "Nimekula." Na ua mzima, wakubwa kwa wadogo, wakasema, "Haya! Mmoja huyo!" Akatoka mwingine. Mmoja huyo. Walitoka kumi na mmoja, wa mwisho anaburuta mguu wa kushoto, na huyo ndiye alikuwa Maganga. Majani yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko yaliyoliwa. Nyamizi hakuyagusa. Alibaki amekaa, anafukuza nzi kwa mkono, anatazama porini, na hapo ndipo mwisho wenyewe. Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema, "Baba amefika."

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza, nilisema. Nililia mbele ya watoto wa watu, kanzu ya Oman na vyote, na hakuna aliyenicheka isipokuwa Nyamizi, ambaye kazi yake ndiyo hiyo. "Vitunguu," akasema.

Sasa mestini iko Katubuka, imezibwa tundu na fundi bati, iko kwenye msumari sebuleni, na sahani ya kumi na tatu inapakuliwa kila mchana, inatoka nje, na anayeipeleka namuuliza neno moja tu. Majina kwenye boti sikuyafuta. Wanangu wananiambia Sufuria si jina la kuandika kwenye lori, na mimi nawaambia subirini lori la tatu. Wale wanaojua napenda kutaja bei ya kila kitu wananiuliza safari ile ilinigharimu nini. Mafuta ya gari, hoteli, kanzu, zawadi za vitukuu, hayo sikuyaandika popote. Nawaambia kilicholipwa. Ishirini siku hizi haipo, pesa ndogo kuliko zote iliyobaki mfukoni mwa Mtanzania ni sarafu ya hamsini, nikaitafuta kwenye gari mpaka chini ya zulia, nikampa Bi Nyamizi, nikasema anirudishie thelathini. Akaifunga kwenye pembe ya kanga yake, akapiga fundo, akasema chenji hakuna. "Ishirini ya kaburi," akasema, "na thelathini ya shati la baba." Shilingi hamsini.